Hakimu Asiyehukumu na Njaa

Nyie vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri kwanza, na simu wekeni chini. Nataka kukuelezeni habari za mtu mmoja ambaye mpaka leo nikipita pale mahakamani namtafuta kwa macho, na huku najua hayupo. Jina lake silitaji. Sie sote tulimwita Hakimu, na akiitwa hivyo aliitika hata akiwa sokoni anachagua bamia. Kwao wapi, mama yake nani, alisoma chuo gani, hayo msiniulize. Mie nilimjua kuanzia anaposhuka kwenye baskeli yake asubuhi mpaka anapofunga mlango wa ofisi alasiri, basi.

Na nitasema mapema, msije mkanibabaisha mbele. Mtu huyu ndiye aliyemfunga mwanangu Faki. Miaka miwili alimpa, kwa kuvunja nyumba na kuiba. Faki akamaliza kifungo chake, akatoka, na tangu atoke hajalala katika nyumba hii ila siku mbili. Mwaka huu ni wa tisa. Kwa hivyo mkiona pahala namsifu Hakimu na pahala namlaumu, msidhani bibi yenu kazeeka. Yote mawili yamo.

Nilikuwa na kibanda cha mandazi na mbaazi nyuma ya mahakama, ukutani kabisa, chini ya dirisha. Dirisha lenyewe halikuwa na kioo, lilikuwa na vipande vya mbao vilivyopangwa kama ngazi, na kila lililosemwa ndani nilikuwa nalisikia huku nageuza mandazi. Mie shule niliishia darasa la tatu, nikatolewa nilee wadogo zangu. Lakini sheria ya wizi naijua, maana nimeisikiliza miaka sita mafuta yakichemka.

Hakimu alikuwa hahukumu na njaa. Hili watu walilichekea sana, lakini lilikuwa kweli. Mtu akishaonekana ana hatia, Hakimu hampi adhabu siku ileile. Humrejesha mpaka kesho. Na kesho yake, kabla ya kuingia ndani, huja kibandani kwangu na koti lake mkononi.

"Bi, nipe mbaazi na mandazi mawili. Leo nina mtu."

Akisema ana mtu, najua ana wa kumhukumu. Hukaa juu ya ndoo yangu aliyoipindua mwenyewe, akala polepole, hasemi. Siku moja nilimuuliza kwani lazima ale ndiyo ahukumu, mbona mahakimu wengine huingia tu.

"Mwenye njaa ana hasira, Bi," akanambia. "Na hasira yangu mie haimo katika kitabu cha sheria."

Karani wake alikuwa akichukia. Alikuwa kijana wa mjini, mwembamba, ana haraka ya maisha. Alikuwa akija dirishani kulalama: "Bi, huyu mzee wako anatuchelewesha. Mtu keshaonekana mwizi jana, si amfunge tu?" Hakimu akamsikia siku moja, akamjibu mulemule ndani, sauti ikanifikia: "Jana nimejua kuwa kafanya. Leo ndiyo nijue nimfanye nini. Hizo kazi mbili, bwana, na mshahara wangu mmoja. Niache nizifanye kwa nafasi."

Watu wanadhani wizi ni wizi. Mie pia nilidhani hivyo. Pale dirishani ndipo nilipojua kwamba mtu hapewi adhabu ya wizi, hupewa adhabu ya wizi wake yeye. Kaletwa bwana mmoja kutoka mashamba ya ndani huko, kaiba karafuu. Mwendesha mashtaka kasoma, kamaliza, kakaa. Hakimu akauliza:

"Mbichi au kavu?"

"Mheshimiwa, hapa imeandikwa karafuu."

"Najua karafuu. Mbichi au kavu?"

Ikabidi askari atumwe nje akaangalie gunia. Akarudi akasema kavu. Hakimu akavuta pumzi mpaka nikamsikia huku nje. Akasema, angeichuma mtini mbichi angekuwa kaiba mali ya mtu. Lakini hii ilishapandiwa mtini, ikachumwa, mama na wanawe wamekaa mpaka vidole vimekuwa vyeusi wanachambua, ikaanikwa juani, ikakimbizwa ndani kila lilipotanda wingu, ikatolewa tena. Huyu kaja kuichukua siku ya mwisho kabisa, imo jamvini inangoja gunia. Akamwongezea. Na watu waliokuwamo mahakamani, ambao hakuna hata mmoja asiyejua kuchambua karafuu, wakaguna kwa pamoja, wakaona sawa.

Jambo alilokuwa akiliuliza kila mara ni nyumba ilikuwa na watu au haina. Aliyeingia nyumba ya watu waliomo ndani alimwona mbaya zaidi, maana alisema huyo yuko tayari kukutana nao, na akikutana nao hajui mwenyewe atafanya nini. Alikuwa akiuliza pia mlango ulivunjwa au ulikutwa wazi. Na mfanyakazi aliyekabidhiwa funguo akaiba kwa funguo hizohizo, huyo alikuwa hapati huruma kwake hata kidogo. Kulikuwa na mlinzi wa ghala aliyejitetea kwamba yeye hakuvunja chochote, kafungua tu. "Ndiyo maana," Hakimu akamwambia. "Mwenzio anayevunja hakuahidi kitu. Wewe uliahidi."

Kisha kulikuwa na mzee wa kuku. Mzee mzima, mvi, ana adabu kuliko wengi wenu, na ugonjwa wake ulikuwa kuku wa watu. Aliletwa mpaka nikachoka kuhesabu. Akiingia kizimbani humwamkia Hakimu kama jirani.

"Shikamoo, Bwana Hakimu. Nimerudi."

"Marahaba. Leo kuku wa nani?"

"Wa yuleyule wa mwezi uliopita, Bwana Hakimu. Kawafungia vibaya tena."

Mahakama nzima kicheko. Hakimu naye alicheka, nilimwona mabega. Lakini akampa zaidi ya mara iliyopita, kama alivyompa mara iliyopita zaidi ya ile ya kabla yake. Akamwambia: mara ya kwanza nilikupa onyo, ya pili nikakutoza faini, ya tatu nikakufunga wiki, na kila mara umenambia basi. Sasa mie nifanye nini na neno lako? Mzee akasema kweli, Bwana Hakimu, neno langu limechakaa. Akachukuliwa, akageuka mlangoni akaniagiza nimwekee mandazi siku ya kutoka. Nilimwekea.

Mkiona hivyo mtadhani alikuwa mtu mpole. Hasha. Alikuwa na vituko vyake, na alikuwa mkaidi. Njiani akielekea mahakamani alikuwa haitikii salamu, utamwita mpaka ukauke koo. Alisema mtu akimsalimu asubuhi pengine mchana ana kesi. Mie nilimwambia hiyo ni jeuri tu, na salamu haijamfungua mtu. Hakuacha. Na huyohuyo aliyekuwa akipima miaka ya watu neno kwa neno, alikuwa hajui kuchagua samaki. Nilikutana naye mara moja pwani Wesha, kasimama mbele ya mafungu ya changu na tasi kama mtoto aliyepotea, mpaka mwenye samaki akamwambia, "Mheshimiwa, kata hukumu basi, samaki wanaoza!" Akaondoka na mafungu yote mawili.

Baskeli yake iliibiwa. Mchana, mbele ya mahakama yake mwenyewe. Karani alikuwa kama kapata sikukuu, akataka polisi waitwe, sheha wa mtaa aitwe, mji mzima ufungwe. Hakimu akakataa kushitaki. "Nikishitaki, nani atahukumu? Mie?" Akawa anakwenda kwa miguu miezi, jua linampiga, viatu vimeliwa upande. Baskeli ikaja kuonekana imeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda changu, gurudumu moja limekwisha upepo. Hakuuliza nani. Akaijaza upepo, akapanda.

Kitu kimoja hakukipenda hasa, na nakutakeni mkisikilize hiki, maana ndicho kilichotuingia sie. Hakupenda muhali. Nyie mliokulia mijini pengine hamuujui muhali. Ni lile la kushindwa kumkatalia mtu kwa sababu ni jirani, ni ndugu, mmezikana, mmeozeshana, kesho utamtazama vipi usoni. Kesi ngapi zilikufa pale kwa muhali! Mtu kaibiwa, kashitaki mwenyewe, siku ya kutoa ushahidi anasimama anasema hakumbuki. Bibi mmoja alisimama akasema yeye hana haja tena na mahakama, keshamsomea mwizi wake Halbadiri, kamwachia Mungu. Hakimu akamwambia, "Basi Bibi umeshampa hukumu kubwa kuliko zangu zote. Sasa mie umenipandisha hapa nifanye nini?" Watu walicheka, yeye hakucheka. Siku hiyo kibandani hakumaliza mandazi yake. Akanambia, "Bi, watu wa hapa wananificha ukweli kwa kuoneana haya, halafu wananilaumu adhabu haikuwa ya haki. Nitapima vipi nisichokiona?"

Nikamwambia, "Kweli, Hakimu." Nilimwambia kweli, na mie mwenyewe sikujua nasema nini.

Faki alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alikuwa kashikwa na homa ya pikipiki, alitaka apakie abiria. Jirani yetu Bi Mize, mlango wake na wangu unatazamana, alifiwa na dada yake Kisiwa Panza, akafunga nyumba, akaenda kuzika. Mchana mweupe, watu wako mashambani, Faki akapinda nondo za dirisha la nyuma, akatoa cherehani ya Bi Mize ambayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Akaiuza kwa fundi mmoja Wesha. Yule fundi akaingiwa na wasiwasi, cherehani ile ilijulikana, akaenda kwa sheha. Siku tatu hazikutimia Faki yuko polisi. Na kule polisi hakukataa. Alisema, nimechukua mie.

Akapewa dhamana akarudi nyumbani. Kaja kakaa pale uani, kanambia, "Mama, nataka niende kwa Bi Mize nikamwambie mwenyewe. Na mahakamani nitasema kweli."

Nikamwambia nyamaza.

Hilo ndilo neno langu, silifichi. Mie niliyesikiliza miaka sita dirishani, niliyejua kwamba anayekiri mapema hupunguziwa, anayemwendea mwenyewe mali akamwomba radhi hupunguziwa, asiyewahi kushitakiwa hupunguziwa, mie nikaona hayo ni ya watoto wa wengine. Wangu nitamtoa kwa njia tunayoijua. Nikamchukua kaka yangu na wazee wawili, nikanunua halua, tukaenda kwa Bi Mize siku ya nne ya msiba wake. Wazee wakaanza mbali, wakazungumza udugu, wakazungumza ujirani, wakazungumza nani alimzika nani. Bi Mize kakaa na kanga yake ya msiba kichwani.

"Mama Faki," akasema, "umenijia na watu wazima. Mie nitasema nini?"

"Sema ulimwazima," nikamwambia.

Akaitazama halua muda mrefu. "Haya," akasema. "Nilimwazima."

Siku ya kesi Faki akaulizwa kosa, akasema si kweli. Alisema huku kainama. Fundi akaeleza alivyouziwa, sheha akaeleza, askari akaeleza. Akaitwa Bi Mize, akashikishwa msahafu, akaapa. Akasema cherehani hakuibiwa, alimwazima Faki. Mwendesha mashtaka akamtazama, akamuuliza taratibu:

"Na nondo za dirisha, Bi, nazo ulimwazima?"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Mie huku nje mandazi yakaungua. Na sauti ya Hakimu, niliyoizoea, ikasema, "Nyamazeni." Mara moja tu, na kukanyamaza.

Niseme pia kwamba tangu jalada la Faki lifunguliwe Hakimu hakuja tena kibandani. Alipita kando kwa kando na ukuta kama hanijui. Nilimwona ana kiburi. Sikufikiri kwamba asingeweza kula mkononi mwa mama wa mshitakiwa.

Akamwona Faki ana hatia, akamrejesha mpaka kesho, kama kawaida yake. Asubuhi ile nilikaanga, nikamngojea. Hakuja. Nikamsikia keshaingia ndani. Akamuuliza Faki ana la kusema kabla ya adhabu. Nikanyanyuka nikatazama kati ya mbao za dirisha, na Faki akawa ananitazama mie. Alitaka kusema. Mama anajua mdomo wa mwanawe. Nikatikisa kichwa.

"Sina," akasema.

Hakimu akaeleza, kama alivyokuwa akieleza kwa kila mtu, hata wa kuku. Akasema hili si kosa la usiku, na nyumba haikuwa na mtu, na kijana hajawahi kuletwa hapa, hayo yote yanamsaidia. Kisha akasema nyumba haikuwa na mtu kwa sababu mwenyewe alikwenda kuzika, na mwizi alijua. Cherehani imerudi, lakini imerudishwa na polisi. Kule polisi alikiri, alipofika hapa akakataa, na mwenye mali ikabidi asimame mbele ya Mungu aseme maneno yale. "Nilikuwa natafuta cha kushika nikuache nje," akasema. "Ungekuwa chini ya uangalizi, unafanya kazi za jamii, unarudi kwenu kulala. Hamkuniachia cha kushika." Miaka miwili.

Bi Mize alifunga siku tatu, kafara ya kile kiapo. Kila siku nilimpelekea futari, akapokea, akashukuru.

Siku ya pili ya hukumu Hakimu akaja kibandani. Kapindua ndoo, kakaa.

"Bi, nipe mbaazi."

"Zimekwisha," nikamwambia, na sufuria lipo wazi mbele yake, linatoa mvuke.

Akalitazama. "Haya," akasema. Akanyanyuka, akairudisha ndoo kama ilivyokuwa.

Akaja kesho. Zimekwisha. Akaja keshokutwa. Mwezi mzima, wanangu, mtu mzima yule akawa anakuja, nami namwambia zimekwisha, naye anasema haya. Kisha akaacha kuja. Siku moja karani akanambia kastaafu, kaondoka bila sherehe. Kaja hakimu mwingine, mwenye gari, anakula kwao. Mie nikaendelea kukaanga, na kila nikisikia mtu anauliza swali mule ndani nasubiri aulize mbichi au kavu. Hawaulizi. Nikaja kukifunga kibanda, miguu imechoka. Yale ya sufuria nimeyakumbuka zaidi kuliko ya mahakamani. Leo angenijia ningempa lote, na ndoo ningempindulia mie.

Sasa Faki. Alipofungwa, sie nyumbani tulisema kasafiri. Tuliwaambia watoto, tukawaambia wakwe, tukamwambia kila aliyeuliza: Faki kaenda Tanga, kapata kazi kwenye mkonge. Na hakuna aliyekuwa hajui. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kikaitikia: ah, Tanga, Mungu amsaidie. Niliwashukuru kwa hilo.

Alipotoka, akapita njiani na kifurushi chake, na kila mtu akamsalimu kwa furaha. "Faki! Karibu, karibu! Habari za Tanga?" Wazee, vijana, mpaka imamu. "Habari za Tanga? Mkonge unaendaje?" Alikuwa akisema nzuri. Nilikuwa namsikia kutoka barazani, nzuri, nzuri. Siku mbili alikaa ndani. Siku ya tatu akaniaga. Nikamuuliza wapi. Akasema, "Tanga." Akapanda boti, akaenda Tanga kweli. Yuko huko. Nikimpigia simu nikamwambia rudi, hunijibu neno moja tu: "Nirudi kutoka wapi, mama?"

Nilikuwa silielewi. Nilidhani ni ukali.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilikwenda Pujini. Niliambiwa kuna mzee ana mbaazi nzuri, haziingii fukusi, nami mbaazi za kula nyumbani nanunua shambani kwa mwenyewe. Nikaelekezwa, nikamkuta mtu kavaa msuli na fulana, kachuchumaa anapepeta. Nikapiga hodi.

"Karibu," akasema, hakunyanyua kichwa. Macho yake yameingia ukungu. Akasikiliza. "Sema tena, Bi."

"Nimesema hodi. Nataka mbaazi."

Akacheka kidogo. "Zimekwisha," akasema.

Ungo umejaa mbaazi mapajani kwake. Nikataka kucheka na nikataka kulia, nikakaa chini pale mchangani bila kukaribishwa. Tukaulizana afya. Mkewe kafariki. Macho wamemwambia yapasuliwe, anaahirisha. Nikamwambia bado unarejesha mpaka kesho, akasema tabia. Kisha akauliza:

"Faki hajambo?"

"Kasafiri," nikasema. Ulimi wangu ulishazoea.

Akaweka ungo chini. "Bi, nilitaka kukuambia kitu tangu zile siku ulipokuwa ukininyima mbaazi. Usingekubali kunisikiliza. Mara ya kwanza nilipoandika hukumu ile, niliandika mwaka mmoja. Kwa makosa yake yote, na ule uongo, na msiba wa yule mama, niliona mwaka unatosha. Halafu nikafikiri watu watasemaje. Hakimu kala mandazi ya mamake miaka sita, kampa mwaka. Nikafuta, nikaandika miwili."

Nikaushika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Ule mwaka wa pili haukuwa wa mwanao," akasema. "Ulikuwa wa woga wangu. Nakuomba radhi."

Nyie mmeshanijua mie si mwepesi. Nilimkasirikia pale upya, nilitaka kunyanyuka. Mwaka mzima wa mtu! Nikamwambia, "Mwaka mzima, Hakimu!" Akasema ndiyo, mwaka mzima. Hakujitetea, na sikupata pa kumshika nimgombeze. Tukakaa. Kuku wake wakaja wakala mbaazi zilizomwagika, wala hakuna aliyewafukuza.

Kisha akauliza, "Kasafiri wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, habari za Tanga, na imamu, na siku mbili, na lile neno la kwenye simu. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza mashahidi, kichwa kakilaza upande. Nilipomaliza akawa anahesabu kwa vidole, nikamwona.

"Mmoja ulikuwa wake," akasema. "Mmoja wangu. Nimekiri. Hii tisa ya Tanga kampa nani, Bi?"

Alinipimia mbaazi kwa mkono, akajaza mkoba mpaka ukakataa kufunga. Radhi nilimpa, nikiwa nimesimama, kwa sauti ya chini, sijui kama aliisikia. Nikarudi, na njiani ndipo nilipolielewa neno la Faki: mtu hawezi kurudi kutoka kifungoni kwa watu wanaosema alikuwa Tanga.

Nilipofika sikuvua hata buibui. Nikawaita wote waje uani: Zuwena binti yangu, mumewe, kaka yangu ambaye siku hizi hutembea kwa fimbo, na wajukuu mpaka wadogo. Nikamwita na Bi Mize, akavuka na mlango wake kauacha wazi. Yeye nikamtaka radhi kwanza, mbele yao, kwa kumwapisha uongo. Akasema, "Mama Faki, nimeingojea siku nyingi." Kisha nikawageukia watu wangu.

Nikawaambia: kuanzia saa hii, katika nyumba hii hakuna Tanga. Mtu yeyote akikuulizeni Faki alikuwa wapi ile miaka miwili, awe mkwe, awe mgeni, awe mtoto mwenzenu shuleni, mtamjibu: alivunja nyumba ya Bi Mize, akaiba cherehani, akafungwa, akamaliza. Na atakayemkuta njiani siku akirudi asimuulize habari ya safari. Amshike mkono, amwambie pole na kifungo, karibu kwenu. Na wewe Zuwena, mpigie ndugu yako sasa hivi, umwambie hivihivi nilivyosema, na neno kufungwa usilipunguze.